Maumivu ya kifua yajayo usiku wa manane

Wapo miongoni mwetu watu ambao mchana wao ni wa afya kamili. Hubeba mizigo, hupanda ngazi, hutembea kutoka Majengo hadi Kongowea na wakifika wakauliza kuna nini cha kuchosha. Lakini ifikapo saa tisa au saa kumi za usiku, kabla mwadhini hajaamka, wao huamka kifua kimebanwa kana kwamba kimewekewa jiwe la kusagia. Jasho huwatoka, taya au mkono wa kushoto huuma, na pumzi huwa fupi. Dakika tano hupita, kumi, pengine robo saa, kisha jiwe huondoka lenyewe. Asubuhi wamekaa barazani wanakunywa kahawa, na hakuna wa kuwasadiki.

Majina ya hali hii katika nyumba zetu ni mengi. Mmoja husema ni gesi, wa pili vidonda vya tumbo, wa tatu jinamizi, wa nne husuda ya jirani. Sisi tunaoitwa majumbani kusoma ruqya twaijua vyema orodha hii, kwa kuwa aghalabu hutufikia ikiwa imekwisha kukamilika, imebaki kisomo tu. Kisomo ni chema na hatumkatazi mtu. Lakini ni haki ya mgonjwa ajue kwamba madaktari nao wana jina la maradhi yajayo kwa saa hizo hizo na kwa namna hiyo hiyo, kwamba yasipotibiwa yaweza kuua, na kwamba dawa zake za kawaida si za bei ya kutisha. Maradhi yenyewe ni mkazo wa ghafla wa mishipa inayoulisha moyo.

Moyo, pamoja na kazi yake ya kusukuma damu ya mwili mzima, nao wahitaji kulishwa. Hulishwa na mishipa miwili mikuu inayochipuka pale mshipa mkubwa wa mwili unapoanzia, ikagawanyika na kuuzunguka moyo mfano wa taji, ndipo ikaitwa mishipa ya koronari. Ugonjwa wa moyo tuliouzoea kuusikia ni wa mishipa hii kuziba kidogo kidogo kwa mafuta, kama bomba la maji ya chumvi linavyoshika magamba ndani mpaka maji yakawa ya kudondoka. Huu tunaouzungumzia ni mwingine. Mshipa si bomba la chuma. Ukuta wake una misuli, na misuli hiyo hukaza na kulegea kwa kadiri ya haja. Kwa mwenye maradhi haya, misuli ya mahali fulani hukaza kupita kiasi, kama ule mkazo unaomshika mtu kwenye shavu la mguu usingizini akaruka kitandani. Mshipa ukijibana hivyo damu haipiti, na nyama ya moyo iliyoitegemea huanza kulalamika. Ukilegea, damu hurudi na maumivu yakaisha. Yawezekana pia mtu mmoja akawa na yote mawili, mafuta na mkazo, na huyo hatari yake ni zaidi.

Kwa muda mrefu elimu ya tiba haikumpa nafasi mgonjwa wa aina hii. Mwaka 1768 tabibu wa Kiingereza William Heberden aliwaeleza madaktari wenzake wa London juu ya maumivu ya kifua yanayomshika mtu akitembea, hasa akipanda mlima baada ya kula, na kumwachia pindi asimamapo. Maelezo yake yalikuwa sahihi mno hata yakageuka kuwa mizani: maumivu ya moyo ni yale yajayo kwa kazi na kuondoka kwa mapumziko. Aliyeumwa akiwa amelala alikosa mlango wa kuingilia. Mwaka 1959 ndipo Myron Prinzmetal na wenzake wa Los Angeles walipoandika juu ya wagonjwa ambao mambo yao yalikuwa kinyume. Mwendo haukuwadhuru, mapumziko ndiyo yaliyowaumiza. Na ECG iliyopigwa katikati ya maumivu ilionyesha mstari umepanda kama wa mtu anayepatwa na mshtuko mkubwa wa moyo, kisha maumivu yalipokwisha mstari ukarudi sawa kana kwamba hapakuwa na lolote. Prinzmetal alihisi kwamba ni mshipa unaokaza. Kuuona kwa macho kulingoja miaka ya 1970, ilipowezekana kupiga picha za mishipa ya moyo wakati shambulio lenyewe linaendelea, na katika kazi hiyo Attilio Maseri na wenzake wa Pisa, Italia, walikuwa mstari wa mbele.

Sehemu kubwa ya elimu iliyofuata imetoka Japani, ambako maradhi haya huonekana zaidi kuliko Ulaya. Mwaka 1986 Hirofumi Yasue na wenzake wa Kumamoto walionyesha kwamba ukitia asetilikolini kidogo ndani ya mshipa wa moyo wa mgonjwa wa aina hii, mshipa hukaza pale pale mbele ya daktari. Na ajabu ni kwamba dawa hiyo hiyo huupanua mshipa ambao utando wake wa ndani ni mzima. Utando huo, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, hutoa hewa iitwayo nitriki oksidi, ambayo huiamrisha misuli ya ukuta ilegee. Ukiharibika, amri ya kulegea huwa dhaifu na misuli ikabaki na amri moja tu, ya kukaza.

Sasa tutazame yanayowapata watu wetu. Mtu ameamka saa tisa ya usiku, maumivu yameisha saa tisa na robo, hospitali amefika saa mbili asubuhi. ECG iko sawa. Presha iko sawa. Mwenye uwezo akaenda mbele zaidi akapigwa anjiogramu, yaani picha ya mishipa ya moyo, nayo ikaonyesha mishipa iko wazi. Huambiwa, "Huna kitu." Akiwa ni mwanamke huongezewa kwamba ni mawazo, apumzike, apunguze kufikiri sana. Twaona neno hili "huna kitu" limebeba zaidi ya uwezo wake. Kweli yake ni kwamba hakikuonekana kitu saa ile. Kipimo kilichopigwa baada ya mkazo kuondoka ni kama askari aliyefika baada ya mwizi kuruka ukuta. Nyumba kuwa kimya si ushahidi kwamba hapakuingiwa.

Kwa hiyo mgonjwa ana kazi ya kufanya, nayo ni kuandika. Achukue daftari la mtoto la shule, aandike tarehe, saa maumivu yalipoanza, yalikaa dakika ngapi, alikuwa amelala au ameketi, alivuta nini au alitafuna nini jioni ile, na je, yalikuja pia alipofanya kazi ngumu. Akifika kwa daktari, saa ya maumivu iwe ndilo neno la kwanza, kwa kuwa ndiyo inayofungua mlango. Kuna mashine ndogo ya kuvaa ambayo huandika mwenendo wa moyo kwa saa 24. Aulize kama yapatikana, maana hiyo ndiyo iwezayo kukutana na mwizi ndani. Na maumivu yakimkuta akiwa hospitalini, aombe ECG dakika ile ile, si baada ya foleni. Jaribio la asetilikolini hufanywa na mabingwa wa moyo katika chumba maalumu chenye vifaa vya kuokoa, na si la kila zahanati. Lakini wataalamu wa mataifa mbalimbali, katika vigezo walivyovichapisha mwaka 2017, wamekubali kwamba hata kulegea upesi kwa maumivu baada ya dawa ya jamii ya naitreti ni nguzo mojawapo ya utambuzi. Daktari makini aliye kaunti ya mbali aweza kuanzia hapo.

Tuje kwenye makaratasi ya maabara. Siku hizi watu hulipia vipimo vya mwili mzima, wakarudi na kurasa nne za tarakimu, na baadhi huzileta kwetu baada ya sala ya Ijumaa kana kwamba mwenye kusoma Kiarabu husoma kila kitu. Yafaa ielezwe ni viashiria gani vinahusika na mkazo huu na vinafika wapi.

Cha kwanza ni troponini. Hii ni protini iliyo ndani ya nyama ya moyo, na huvuja kuingia kwenye damu pale nyama hiyo inapoumia. Mkazo ukidumu, troponini hupanda, na hapo ni mshtuko wa moyo wa kweli hata kama mishipa itakutwa wazi baadaye. Mkazo mfupi waweza kupita bila kuiinua kabisa. Basi troponini iliyopanda ni ya kukimbilia. Iliyo sawa haikanushi maumivu ya usiku.

Cha pili, na hapa ndipo maulizo yalipo mengi, ni CRP. Protini hii hutengenezwa na ini mwili unapokuwa na uvimbe au maambukizi. Iligunduliwa New York mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia, mbali kabisa na habari za moyo. Baadaye kikapatikana kipimo chake chepesi chenye kuhisi hata kiasi kidogo, na watafiti wa Taiwani na Japani wakaona kwamba wenye mkazo wa mishipa ya moyo, kwa wastani, huwa na CRP ya juu kuliko wasio nao, hata ambao mishipa yao haina mafuta ya kuziba. Jambo hili lina uzito, kwa sababu linaashiria kwamba ukuta wa mshipa unaokaza si mzima, una uvimbe wa kichinichini. Mwaka 2018 madaktari wa Sendai, Japani, walitumia picha maalumu wakaonyesha uvimbe huo katika tabaka la nje la mshipa na katika mafuta yanayouzunguka, na kwamba ulipungua wagonjwa walipotibiwa.

Je, CRP ikipanda ndiyo inayoukaza mshipa? Wazee wetu walisema jimbi liwike lisiwike, kutakucha. Anayesikia jimbi huamini kwamba alfajiri imekaribia, na haki yake, lakini si jimbi lililoivuta alfajiri. CRP hupandishwa na jino bovu, na mafua, na baridi yabisi ya magoti, na kitambi, na sigara. Na kwa kuwa sigara hupandisha CRP na hukaza mishipa, vitu viwili vyaweza kuonekana vinatembea pamoja kumbe vyote vinafuata nyayo za wa tatu. Watafiti hujitahidi kuvitenganisha, na baadhi yao huona uhusiano unabakia hata baada ya hapo. Hata hivyo, kwa mgonjwa mmoja mwenye karatasi mkononi, CRP haiwezi kumwambia kwamba ana mkazo wala kwamba hana. Asiifanye hirizi wala asiifanye hukumu.

Kolesteroli husema zaidi juu ya ugonjwa wa kuziba kuliko juu ya mkazo. Mtu aweza kuwa na kolesteroli nzuri na mshipa wake ukakaza. Magnesi ni habari ya kuvutia: Wajapani waliona upungufu wake katika baadhi ya wagonjwa hawa, na kuitia kwenye mshipa kukazuia mashambulio, lakini kipimo cha kawaida cha damu hakionyeshi vyema iliyomo ndani ya chembe. Kisha kuna kimeng'enya kiitwacho Rho-kinesi, kinachoifanya misuli ya mshipa iitikie amri ya kukaza kupita kadiri. Katika chembe nyeupe za damu za wagonjwa hawa, watafiti wa Japani waliona kazi yake hupanda kuelekea alfajiri, saa ile ile ya jiwe kifuani. Kipimo hicho bado ni cha watafiti na hakimo katika zile kurasa nne. Kwa maoni yetu, fedha za kifurushi cha pili cha vipimo ni bora zitumike kumwona daktari wa moyo mara moja, na lile daftari mkononi.

Kuhusu sababu, hakuna iliyo dhahiri kama sigara. Katika maradhi haya sigara huitangulia presha, huitangulia kisukari, na kuiacha humpunguzia mgonjwa mashambulio. Kokeini hukaza mishipa ya moyo hata ya kijana wa miaka ishirini. Baridi kali, kuhema kwa nguvu, na ghadhabu huweza kuamsha shambulio kwa aliye na ugonjwa tayari.

Kisha kuna jambo ambalo pwani yetu haiwezi kulikwepa. Miraa na muguka ni mti mmoja, na ndani yake mna kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini. Maabarani kathinoni imeonekana kuibana mishipa ya moyo ya wanyama. Ndugu zetu wa Yemeni, ambao utafunaji wao ni wa karne nyingi, wamelichunguza kwa watu. Mwaka 2002 madaktari waliripoti kwamba mishtuko ya moyo ya watafunaji haikufuata sana desturi ya mapema asubuhi. Mingi iliangukia kati ya saa nane mchana na saa sita usiku, muda ambao majani yanafanya kazi mwilini. Utafiti uliofuata mwaka 2005 ulionyesha kwamba kadiri mtu anavyotafuna kwa wingi ndivyo hatari ya mshtuko wa moyo inavyoongezeka. Mkazo wa mishipa ni miongoni mwa njia zinazodhaniwa kuleta hayo. Mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilitaka kuipiga marufuku muguka, shauri likaishia mahakamani, na mabishano yakawa ya biashara na ushuru. Sisi tungependa kijana anayetafuna kuanzia alasiri, huku akivuta sigara moja juu ya nyingine na kukesha mpaka alfajiri, ajue tu kwamba amevikusanya vichocheo vitatu vya moyo katika kikao kimoja.

Dawa kuu ni zile zinazoizuia kalisi isiingie kwa wingi kwenye misuli ya mshipa: amlodipini, nifedipini, diltiazemu. Wengi wenu mna mzee nyumbani anayetumia mojawapo kwa ajili ya presha. Madaktari wengi huagiza imezwe usiku kwa sababu adui huja alfajiri. Walio wengi wakishika dawa na kuacha sigara huishi maisha yao bila taabu kubwa. Hatari huwa kwa anayejiona amepona akaiacha ghafla, kwani mkazo huweza kurudi kwa kishindo. Zipo pia dawa ambazo humfaa mgonjwa wa moyo mwingine na zikamdhuru huyu. Propranololi ni mojawapo, na aspirini ya kiasi kikubwa ni nyingine. Asiziache kwa shauri la barazani, bali amuulize aliyemwandikia.

Kwa shambulio lenyewe kuna kidonge au dawa ya kupuliza chini ya ulimi, nitrogliserini. Mtu aitumie akiwa ameketi, kwa kuwa hushusha presha na aliyesimama aweza kuanguka. Tuseme na jambo la aibu, kwani aibu hapa huua: mwanamume aliyemeza sildenafili au dawa yoyote ya ukoo huo kwa ajili ya nguvu za ndoa asiguse nitrogliserini, na akipelekwa hospitali na maumivu ya kifua amwambie daktari wazi amemeza nini na lini. Dawa hizo mbili zikikutana, presha huweza kuporomoka mpaka mtu akafa. Zile zinazouzwa barabarani kwa jina la mitishamba hazina dhamana kwamba hazina sildenafili ndani.

Katika mwezi wa Ramadhani tumeulizwa mara nyingi kama kidonge cha chini ya ulimi hubatilisha saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi kilichokutana Jiddah mwaka 1997, lilikitaja kidonge hiki kwa maumivu ya kifua miongoni mwa yasiyofunguza, kwa sharti mtu ajihadhari asimeze kinachofika kooni. Basi hakuna udhuru wa mtu kuvumilia jiwe kifuani kwa kuogopa kuiharibu siku yake. Na ikiwa hali ni ya kumezwa dawa nyingine mchana au ya kupelekwa hospitali, atafungua na kulipa. Mgonjwa amekwisha ruhusiwa, na asiitafute ruhusa upya kwa sheikh wakati damu haipiti moyoni.

Maumivu yasiyopungua dakika tano baada ya kidonge, au yaliyofuatana na kuzimia, au mapigo yanayokwenda ovyo, ni ya kwenda hospitali usiku huo huo, kwa gari la jirani au kwa tuktuk, na mgonjwa asiliendeshe mwenyewe. Mkazo huweza kuuvuruga mwenendo wa moyo kiasi cha kuusimamisha.

Chupa ya vidonge ikae mahali ambapo mke, mume na mtoto mkubwa wanapajua hata gizani. Vidonge visihamishwe kutoka chupa yake ya kioo, wala visiwekwe mfukoni mwa shati au ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa kuwa joto letu huviondolea nguvu. Tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu ya chupa, na mfamasia aulizwe baada ya kufunguliwa vitadumu wiki ngapi.